Kialama cha ng' Kilimficha King'ora Miaka Minne

Mpendwa mshauri, shikamoo,

Naomba msaada wako upesi, maana kifuani nimebeba furaha na aibu kwa pamoja na nahisi nitapasuka, leo ni siku ya tatu sili vizuri, nacheka peke yangu nikipanda ngazi za ofisini halafu nikifika juu machozi yananitoka, na wenzangu wameanza kuniuliza kama nina mimba.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na nimeajiriwa kwenye ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana. Miaka minne iliyopita mafuriko yalipobomoa nyumba za bondeni, watu walipakiwa kwenye mabasi haraka haraka wakapelekwa kambi tofauti, huyu huku na mwenzake kule, simu zimekwenda na maji, na ofisi yetu ndiyo iliyokusanya fomu za kambi zote, fomu elfu kumi na tisa, zikaingizwa kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni na kichwa kimevimba, nikapewa kazi ya kuandika programu ya kutafuta majina: unaandika jina, unabonyeza, kompyuta inakuonyesha mtu yuko kambi gani, au inakwambia "Hakuna aliyepatikana". Niliimaliza kwa wiki mbili, wakanipigia makofi, na mimi nikajipigia zaidi yao.

Kila Jumatatu hukaa dirishani kuwahudumia watu, na hapo ndipo nilipomjua mwanamke tunayemwita Dada Dereva, mama wa miaka arobaini na kitu, anaendesha lori la maji. Akija utasikia breki hadi ghorofani, anaegesha mbele ya geti, mlinzi analalamika, naye anapita bila hata kumtazama, anakuja moja kwa moja dirishani na swali lake ni lile lile kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi: "Bibie, umeniangalizia mdogo wangu?" Mdogo wake ni mchomeleaji vyuma, na tangu utotoni watu wanamwita King'ora kwa sababu ya sauti yake, jina lake la kuzaliwa halitumii popote, hata vitambulisho vilikuwa vimekwenda na maji, kwa hiyo dada mtu alikuwa na uhakika kwamba kama yupo kambini ameandikishwa kwa jina hilo. Nami naandika King'ora, nabonyeza, na skrini inasema "Hakuna aliyepatikana", nageuza uso nasema, "Hayupo, dada."

Mshauri, nimelisema hilo neno kwa huyo mwanamke zaidi ya mara arobaini. Na mwaka jana, siku ambayo foleni ilikuwa ndefu na kichwa kinaniuma, nikaongeza la kwangu, nikamwambia, "Dada, labda sasa uanze kukubali." Mwezi uliofuata alikuja akaniambia kwamba amekubali, amezigawa nguo zote alizokuwa akimwekea mdogo wake, hata zile alizomnunulia zikiwa bado kwenye karatasi, lakini anaomba niangalie tena mara moja tu, basi. Nikaangalia. Hayupo.

Sasa Jumatatu hii iliyopita bomba lilipasuka kwenye stoo ya chini, tukaitwa wote kuokoa maboksi ya fomu za karatasi, nikabeba boksi moja limelowa kitako, likaachia, fomu zikamwagika kwenye sakafu, nikapiga magoti kuzikusanya, na fomu iliyoangukia mbele ya goti langu ilikuwa na picha ya mwanamume amefungua mdomo anacheka, na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya bluu: King'ora. Kazi: kuchomelea. Ndugu aliowapoteza: dada mmoja, dereva wa lori la maji, alikuwa amelala ndani ya nyumba maji yalipokuja.

Nilipiga ukelele mpaka mtu akadhani nimekanyaga waya wa umeme. Nikapanda ngazi na ile fomu nimeibana kifuani inanilowesha blauzi, nikaketi, nikaingiza namba ya fomu kwenye kompyuta, akatokea! Picha ile ile, mdomo ule ule, na namba ya simu aliyoibadilisha mwenyewe mwaka juzi, na amekubali kwa saini yake kwamba ndugu wakimtafuta wapewe! Nikaandika jina. "Hakuna aliyepatikana." Nikaingiza namba tena, yupo. Nikaandika jina tena, hakuna. Nikajaribu herufi moja moja. K, nikabonyeza, majina yakamwagika. Ki. Kin. King, yakabaki majina thelathini na nane, na King'ora yumo, ni wa kumi na sita kutoka juu, ananicheka! Nikaongeza ritifaa, ule mkia mdogo wa ng', nikabonyeza, na orodha nzima ikapotea kama taa iliyozimwa.

Hapo nikaelewa, mshauri, nikaelewa vyote kwa mara moja, na nakwambia sijawahi kusikia raha ya namna ile na uchungu wa namna ile katika sekunde moja. Kompyuta inapotafuta jina hulifunga kati ya vialama viwili, kimoja mwanzo na kingine mwisho, ili ijue jina limeanzia hapa na limeishia hapa. Kialama chenyewe ni kile kile cha ng'. Kwa hiyo ukiandika King'ora, inasoma King, inakutana na kialama, inadhani jina limekwisha, halafu "ora" iliyobaki haijui iiweke wapi, inakwama. Ilinipasa kuiambia mapema kwamba kialama kikiwa ndani ya jina ni sehemu ya jina. Sikuiambia. Na kibaya zaidi, ili skrini isijae maneno mekundu ya kuwatisha watu, niliandika kwa mkono wangu huu kwamba ikikwama kwa sababu yoyote ile, iseme "Hakuna aliyepatikana". Kwa hiyo kwa miaka minne ilikuwa haimtafuti kabisa. Ilikuwa inajikwaa, halafu inasema hayupo, kwa adabu.

Nilirekebisha kwa mstari mmoja tu. Dakika nane. Nikaandika King'ora nikabonyeza, akatokea peke yake, nikaruka, kiti kikaanguka. Kisha nikachukua daftari la maombi yote ya miaka minne nikayapitisha yale yote yenye ng', na kompyuta ikanirudishia watu sitini na mmoja. Sitini na mmoja, mshauri, ambao ndugu zao walikuja dirishani na tukawaambia hawapo, na wapo!

Kuna mzee wetu wa mapokezi, tunamwita Bwana Faili, amekaa kwenye ile ofisi tangu enzi za taipureta. Miaka miwili iliyopita alinijia na miwani yake mkononi akaniambia, "Binti, mashine yako haipendi ng'." Nami nilikuwa na watu, nikataka kuonekana, nikamjibu, "Mzee, mashine haina mapenzi. Andika vizuri." Watu wakacheka. Akavaa miwani yake akaondoka, na hakuniambia tena kitu chochote kuhusu mashine.

Nilikimbia kwa meneja na karatasi yangu ya majina sitini na mmoja. Alifurahi kweli, alinishika mabega, halafu akafunga mlango. Akasema wiki ijayo tuna wakaguzi. Akasema hao watu tutawaita taratibu, mmoja mmoja, na tutawaambia kumbukumbu mpya zimefika kutoka kambi za mbali. "Ndugu watafurahi, sisi tutapumua," akasema, "sasa hapo nani ameumia?" Akanikataza kumpigia mtu yeyote mpaka barua ziandaliwe mezani kwake.

Basi tangu Jumatatu nimekaa na namba ya King'ora kwenye mfuko wa sketi. Nikisema ukweli huenda nikafukuzwa kazi, na Dada Dereva atanitemea mate, na ana haki. Nikisema uongo wa meneja, Dada Dereva atanikumbatia, atanishukuru, ataniombea dua, na mimi najijua, zile dua sitaweza kuzistahimili. Nifanye nini? Namba yangu ya simu nimeiweka hapo chini, tafadhali usiichapishe.

Ni mimi, niliyesema hayupo.

*

Marahaba, binti.

Barua yako ilinifikia juzi Jumatano saa nne asubuhi, imeletwa kwa mkono, na ukurasa huu hutoka Jumamosi. Kwa miaka kumi na mmoja ya kujibu barua za watu sijawahi kumpigia simu mwandishi hata mmoja. Wewe nilikupigia kabla chai haijapoa, na sikukusalimia. Nilikwambia, "Siku tatu?" Ukaanza kunieleza habari za meneja. Nikakukatiza: "Mwanamke ameomboleza mtu aliye hai, namba ya simu unayo kwenye sketi, na wewe unanisubiri mimi nitoe gazeti?" Ukalia. Nikakuacha ulie kidogo, maana najua hukuficha kwa ubaya, uliogopa, na hofu hufanya mtu mwenye akili nyingi akae kwenye kiti kama gunia. Halafu nikakwambia: ukweli kwanza, namba pili, machozi yako baadaye, na uende sasa hivi.

Ulikwenda. Nakupa haki yako hapo. Na kwa kuwa umeniruhusu, niwasimulie wasomaji yaliyotokea, kama ulivyonieleza jioni huku unahema kama mtu aliyetoka mbioni.

Ulimpigia Dada Dereva ukamwomba afike. Alikuwa anapeleka maji mtaa wa tatu, akaja na tangi limejaa, akaegesha pale pale getini. Hukumngoja dirishani, ulishuka, ukamkuta anateremka kutoka kwenye lori. Ukasema yote ukiwa umesimama: mdogo wako yuko hai, yuko mji wa pili, anachomelea vyuma, alikuwa kwenye kompyuta yetu tangu mwezi wa kwanza baada ya mafuriko, programu niliiandika mimi na ilikosea, na wewe nikakwambia hayupo.

Alishika mlango wa lori.

"Miaka minne," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nguo zake nimezigawa mimi, kwa mikono yangu, kwa sababu ya neno lako."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada. Lete namba."

Ukampa simu yako, maana ya kwake ilikuwa haina salio. King'ora alipokea, akasikia mwanamke anasema ni dada yake, akakata. Akapigiwa tena, akakata tena, safari hii baada ya kutukana matapeli wote wa dunia. Mara ya tatu alisikiliza, akasema kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia: "Dada yangu alikuwa amelala ndani, usinichezee. Kama wewe ndiye, nani alivunja kioo cha kabati la mama?"

"Nilivunja mimi," dada mtu akajibu. "Nilirusha kiatu. Ukachapwa wewe, na ukanyamaza."

Ulinisimulia kwamba hapo watu wote getini walikuwa wamesimama, mpaka muuza vocha wa ng'ambo ya barabara ameacha kuhesabu chenji. Halafu yowe la King'ora likatoka kwenye simu: "Ulikuwa ndani! Ulikuwa umelala ndani!"

"Nilibadilishana zamu! Baba wee, nilibadilishana zamu asubuhi ile!"

Basi hapo nani angesikia kitu tena. Wote wawili wanazungumza kwa pamoja, wanaulizana, hawajibizani, yule analia anacheka, huyu amekaa chini kwenye ngazi ya lori anapiga goti lake kwa kiganja. Alipokata simu alisimama, akamtupia mlinzi funguo za lori na maji yake yote, akasema kazini wakiuliza waambiwe amekwenda kumchukua mdogo wake, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita kuelekea stendi. Kwako wewe hakugeuka. Hakukushukuru na hakukutukana.

Unaniuliza kama ipo siku atakusamehe. Sijui, binti, na usimfuate kumuuliza. Msamaha ni wake, ataupanga mwenyewe kwa wakati wake, na pengine hataupanga. Wewe ulimpa ukweli na ukampa mdogo wake. Umlipe kwa kutomsumbua.

Sasa nisikilize, maana bado sijamaliza kukugombeza.

Kukosea mstari mmoja wa programu ni jambo la kibinadamu, mimi mwenyewe nilipokuwa muuguzi nimewahi kuandika dozi vibaya na mwenzangu akaiona kabla haijafika kwa mgonjwa. Kinachonikera kwako ni vitu viwili. Cha kwanza, ulikifundisha chombo chako kudanganya. Mashine imeshindwa, wewe ukaiamuru iseme hayupo, ili skrini ipendeze! Leo hii, kabla hujafanya chochote kingine, nenda ukaibadilishe. Ikitafuta na kukosa, iseme imekosa. Ikikwama, iseme wazi kwamba imekwama na jina halijatafutwa. Maneno mekundu hayajawahi kuua mtu. Na usiishie kwenye ng'. Mimi si fundi, lakini akili ya kawaida inaniambia kama kialama kimoja kimekuangusha, vipo vingine. Kuna watu wameandikisha majina yao ya utani kwenye mabano, kuna walioweka alama ya kuuliza kwa sababu hawakuwa na hakika na herufi. Jaribu kila alama iliyopo kwenye kibodi, moja baada ya nyingine, kama ulivyojaribu K na Ki na Kin.

Cha pili ni yule mzee. Aliliona tatizo bila kusoma programu hata siku moja, akakuletea kwa upole, ukamfanya achekwe mbele ya watu. Kwa hiyo utamwomba radhi mbele ya watu, wale wale, ukiwa umesimama na yeye amekaa. Usimpelekee soda chemba. Kisha umwombe akae nawe wiki hii kwenye majaribio, kwa sababu macho yake yameona zaidi ya shahada yako.

Kuhusu meneja: si shetani, ni mtu mwoga mwenye wakaguzi mlangoni. Swali lake la "nani ameumia" nitamjibu mimi hapa hapa gazetini: ameumia aliyegawa nguo. Andika taarifa ya ukurasa mmoja, weka jina lako juu, eleza kosa, eleza ulivyolirekebisha, taja idadi ya watu sitini na mmoja, mpe mkononi, na nakala uwaachie wakaguzi wenyewe. Andika "mimi" kila panapostahili mimi. Akikufukuza, utatoka ukiwa mtu aliyewapata watu sitini na mmoja, na nina wasomaji wenye ofisi wanaosoma mstari huu sasa hivi. Asipokufukuza, utabaki kwenye kiti hicho ukiwa na adabu kidogo, ambayo utakubaliana nami haikuwepo.

Ile kazi ya kuita watu taratibu kwa barua, ifute. Hawa watu wamengoja vya kutosha. Kwenye simu uliniambia unaogopa kwamba mwingine kati ya hao sitini atakutukana. Atakutukana, ndiyo. Wengine watakata simu kama King'ora, wengine watakuta ndugu aliyekuwa hai mwaka juzi leo hayupo tena, na hilo utalibeba, sitakudanganya kwamba halitakuuma. Piga hivyo hivyo. Sema jina lako, sema tulikosea, toa namba, kaa kwenye simu mpaka mwenzako amalize kulia, kisha piga inayofuata.

Uliniambia wa pili kwenye orodha yako ni mkunga anayemtafuta mama yake mzazi, na kwamba huyo mama ana miaka themanini na moja. Lifunge gazeti hili, binti, umpigie.